Unataka kuweka udongo kwenye kidonda? Soma hii kwanza

Kuna dada ameniandikia wiki hii, anasoma masters ya kemia hapa Nairobi, anataka kutengeneza bandeji ya selulosi (nyuzi za mimea) na udongo inayotoa antibayotiki polepole, ananiuliza aanzie wapi. Mimi nimepita difensi yangu, yaani kutetea thesis mbele ya paneli, juzi tu kwa hiyo kazi, na nimepita vizuri, kwa hivyo wacha niseme.

Kwanza jua watakucheka. Mzee mmoja kwa paneli aliniuliza mbele ya watu, "Sasa unataka kupaka wagonjwa matope?" ukumbi wote ukacheka. Bado inaniuma. Lakini swali lenyewe lina jibu, udongo wa shambani unaweza kubeba vijidudu vya pepopunda, ndio maana wetu unasafishwa, unachujwa na kuingia otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, nyuzi 121 za Selsiasi kabla ya dawa kuwekwa. Nasema kabla, juu tetrasaiklini, antibayotiki yenyewe, inaharibiwa na joto, na mwanga pia, kwa hivyo funika chupa zako na foili.

Sasa hapa ndio penyewe. Selulosi peke yake ikinywa majimaji ya kidonda inavimba, dawa inatoka karibu yote mara moja, halafu kinachobaki ni kidogo mno kuua bakteria lakini kinatosha kuwazoesha dawa. Udongo wa montmorilonaiti una matabaka membamba sana, kila moja kama nanomita 1 (milimita moja ukiigawa mara milioni), yana chaji hasi na katikati yake kumekaa sodiamu. Loweka kwenye tetrasaiklini yenye asidi, dawa inapata chaji chanya, inasukuma sodiamu nje inachukua nafasi yake. Ni kama ploti ya Kayole, mpangaji mmoja akihama ndio mwingine anaingia. Kwa kidonda sasa chumvi ya mwili inaingia, dawa inatoka kidogo kidogo.

Kwa hivyo dadangu, wachana na kukimbilia duara kubwa lisilo na bakteria kuzunguka bandeji kwenye sahani ya agari (jeli ya kuoteshea bakteria), najua linapendeza kwa slaidi na supavaiza atalifurahia, lakini linakuonyesha tu dawa iliyotoka mapema. Chukua kipande hicho hicho cha bandeji, kila siku ukihamishe kwa sahani mpya yenye bakteria wa Staphylococcus, uone kinaua mpaka lini. Na weka kingine chenye udongo bila dawa, wasije wakakuuliza ni nini kilichoua. Usiingie difensi bila hivyo viwili, hata kama umeambiwa muda umeisha. Kuna mtu atalala na hiyo bandeji mguuni.