Spea za bei chee kwenye gari la zamani: maswali yenu

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: spea imetoka kwenye boksi inang'aa, imefungwa na fundi anayejua kazi yake, na bado imekufa kabla gari halijamaliza tanki la pili la mafuta. Zile zinazogusa moto na breki nimezijibu kwa ukali kidogo. Hapo pana roho za watu.

Land Rover Series III yangu ya petroli inawaka vizuri asubuhi. Ikishapata moto inazima, nasubiri ipoe, inawaka tena. Fundi ameweka rota na kondensa mpya, tatizo liko palepale. (Msomaji, Arusha)

Ndugu yangu, kabureta muiache kwanza. Anzeni na hivyo viwili vipya, vyote vya distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwenda kwenye plagi.

Kondensa ndani yake ina foili iliyoviringishwa pamoja na karatasi au plastiki nyembamba, ikafungiwa ndani ya kopo. Kwenye hizi za bei chee mara nyingi kopo halikuzibwa sawasawa, au waya wa ndani umegusishwa tu. Ikiwa baridi utaipima na itakuonyesha namba nzuri, karibu maikrofaradi 0.2. Joto la distributa likipanda inaachia, na gari linazima. Ndiyo maana fundi wako haoni kosa: anaipima gari likiwa limepoa. Fungua kepu ya distributa gari likiwa la moto, mtu apige starta, wewe tazama pointi, vile vibao viwili vinavyofunga na kufungua umeme. Cheche ndogo ni ya kawaida. Ukiona cheche nene yenye weupe inaruka kila pointi zinapofunguka, kondensa hiyo itupe.

Rota nayo ina ugonjwa wake. Kopi nyingi zimeshikiza kipande cha shaba kwa ribiti iliyozama karibu kabisa na shafti, na plastiki nyeusi yenyewe imechanganywa kaboni kupita kiasi. Umeme wa koili, ile inayozalisha umeme mkali wa cheche, badala ya kuruka kwenda kwenye kepu, unatoboa plastiki na kuishia kwenye shafti. Tundu lenyewe ni dogo kuliko ncha ya sindano, na huwezi kuliona bila kuichomoa rota na kuitazama kwa chini. Kipimo chake ni rahisi. Vua kepu, rota ibaki mahali pake. Shika waya mnene wa koili kwa koleo lenye mpini wa mpira, si kwa mkono, ulete milimita chache juu ya shaba ya rota, kisha fungua pointi kwa bisibisi huku swichi ikiwa imewashwa. Cheche ikiruka kuingia kwenye rota, maana yake imepata njia ya kupita, na rota imekwisha.

Tafuta rota isiyo na ribiti. Zipo, nyingine ni nyekundu, na zimetengenezwa kwa sababu ya tatizo hilihili. Kondensa unaweza kuitoa kabisa ndani ya distributa na kuifunga nje penye ubaridi, waya wake ukiunganishwa upande wa koili unaokwenda kwenye pointi, na kopo lake likishikizwa kwenye bodi. Injini haitajua tofauti. Mafundi wenu wa Arusha wana bahati moja: Land Rover za zamani bado ni nyingi huko. Kondensa iliyofanya kazi miaka 40 kwenye gari lililokufa naiamini kuliko mpya nisiyojua imetoka wapi.

Ukiwa hapohapo, pima pointi kwa fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi, kila baada ya wiki chache. Kisigino cha pointi za kopi, kile kinachosuguana na kamu ya shafti, ni laini, kinalika haraka, nafasi inayotakiwa ya milimita 0.35 hadi 0.40 inaziba, na taimingi, yaani wakati wa cheche, inachelewa taratibu. Paka grisi kidogo kwenye kamu. Pointi nyingi huja bila hata tone.

Baba alituachia Volkswagen Beetle ya mwaka 1969. Nimeweka mipira mipya ya mafuta, ile yenye uzi kwa nje, lakini nikiegesha nasikia harufu ya petroli. Fundi anasema magari haya ndivyo yalivyo. (Msomaji, Nairobi)

Dada, usiliwashe tena mpaka umalize kusoma hapa. Gari hilo halikutengenezwa linuke petroli.

Kasha la injini ya Beetle limesubuliwa kwa aloi ya magnesi. Magnesi ikishika moto haizimwi kwa maji, maji yanauongeza. Na mafuta yakivuja nyuma huko yanadondokea karibu na distributa na ekzosi. Beetle nyingi zimeisha hivyo, na chanzo kilikuwa kipande cha mpira cha bei ya soda.

Mpira wenye uzi wa pamba kwa nje ndio uliokuja na gari enzi hizo, kwa hiyo wauzaji wanapenda kusema "ni ule ule". Ubaya wake ni kwamba uzi unaficha nyufa. Ukunje kwa vidole mbele ya dirisha: ukiona mistari midogo kwenye kingo zilizokatwa, au uzi umelowa na kubadilika rangi, umeshakufa hata kama uliununua mwezi jana. Nunua mpira ulioandikwa SAE J30 R9 ubavuni, hicho ni kiwango cha mipira ya mafuta. Huo unahimili petroli ya leo, hata iliyochanganywa ethanoli. Maandishi yawe yamepigwa kwenye mpira wote, si kwenye karatasi ya boksi.

Kisha tazama mahali pengine patatu. Kwanza, kijiti cha shaba ambacho mafuta hupitia kuingia kwenye kabureta: kimesukumizwa tu, hakina uzi wa skrubu, na kwenye kabureta za kopi huchomoka chenyewe injini ikitetemeka. Kishike, kizungushe. Kikicheza, peleka kabureta kwa fundi wa lethi akikate uzi na kukifunga kwa skrubu. Pili, pale bomba la mafuta linapopita kwenye bati la mbele ya injini lazima pawe na kipete cha mpira, la sivyo bati linalikata bomba kidogo kidogo. Tatu, filta ya plastiki iliyoning'inia juu ya injini iondoke hapo. Ifunge chini, kabla bomba halijaingia chumba cha injini. Na mtungi wa kuzimia moto ukae ndani ya gari, ule wa poda.

Je, spea zote za China ni mbovu? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Kiwanda hutengeneza alichoagiza mteja. Agizo likisema chuma cha aina fulani, ugumu kiasi fulani, vipimo visipishane zaidi ya kiasi fulani, ndicho kitakachotoka, kiwe China, India, Uturuki au Taiwan. Agizo likiwa na sentensi moja tu, "punguza bei", nacho kitatoka. Lawama yangu naielekeza zaidi kwa anayeagiza. Bendera ya nchi kwenye boksi si kipimo.

Nina Peugeot 504 pikapu. Nimepata seti ya laina na pistoni kwa nusu bei. Nichukue? (Msomaji, Mombasa)

Kaka, umeniuliza kuhusu gari lililounganishwa mjini kwenu, na lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Linastahili subira.

Kama injini yako ni ile ya petroli ya 1971 cc, laina zake, yaani silinda za kuchomeka ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni za maji, maana yake maji ya kupoza yanagusa ukuta wa laina moja kwa moja. Laina ikiwa fupi hata kwa kiasi cha unene wa karatasi, gasketi haibani na maji yanaingia kwenye oili. Mwambie muuzaji utalipa baada ya kupima, na akikataa ondoka. Peleka seti kwa mashine shopu wapime kipenyo, kinachotakiwa ni milimita 88, na mwinuko wa kila laina juu ya bloku. Pistoni nne zipimeni kwenye mizani ya kidijitali ya jikoni. Zikipishana kwa gramu nyingi, aliyezitengeneza hakujali, na hakujali mengine pia. Ingiza ringi za pistoni moja moja ndani ya laina yake utazame nafasi ya ncha. Zikigusana baridi, zikipata moto zitavunjika.

Seti ikipita vyote, ichukue. Nusu bei siyo dhambi.

Nitajuaje feki dukani? (wengi)

Kopi yenye jina lake yenyewe walau ina mtu wa kumuuliza. Feki imeiba jina la mwingine, na haina. Linganisha na ya zamani uliyoitoa: uzito, maandishi yaliyosubuliwa, umaliziaji wa kingo. Kwenye beringi, watengenezaji SKF wana programu ya simu ya kutuma picha wakakuthibitishia. Kwenye pedi na shuu za breki tafuta alama ya idhini ya E kwenye duara pamoja na maandishi yanayoanza 90R, ingawa nayo huigwa. Ukiuziwa feki, Tanzania peleka malalamiko FCC, Tume ya Ushindani, Kenya kuna Anti-Counterfeit Authority, mamlaka ya kupambana na bidhaa feki. Risiti itunze.

Silinda za breki za Land Cruiser FJ40 yangu zinavuja kila baada ya miezi michache, ingawa naweka mpya. (Msomaji, Morogoro)

Mzee wangu, shikamoo. Kabla ya kulaumu silinda, fungua moja utazame vikombe vya mpira. Vikiwa vimevimba na kulainika, kuna mtu ameongeza oili ya injini au ya haidroliki kwenye kopo la breki. Hata kidogo huharibu mpira wote, kuanzia masta silinda. Hapo utabadilisha kila mpira na kuosha mabomba kwa spiriti.

Vikombe vikiwa vizima ila ukuta wa silinda una mikwaruzo na kutu, basi ni silinda ya kopi isiyosuguliwa vizuri. Kama za orijino unazo hata kwenye boksi la vyuma chakavu, zirudishe: mashine shopu wazipanue, waweke laina ya chuma cha pua, wewe ununue vikombe vizuri tu. Toyota wenyewe walitangaza mwaka 2021 kwamba wataanza kutengeneza upya spea za mfululizo wa 40, kwa hiyo uliza kwa wakala kabla ya kurudi dukani.

Mafuta ya breki nunua kopo dogo lililofungwa, DOT 3 au DOT 4, usikubali ya kupimiwa. Na vumbi la shuu za zamani usilipulize kwa kompresa, huenda lina asbesto. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa, kitambaa kiende kwenye mfuko uliofungwa.