Swali la Lugha: Je, Kaveera Huoza?

Mwalimu mmoja wa sekondari mjini Mbale, Uganda, ameniuliza: "Mwanafunzi wangu ameandika, 'Plastiki huchukua miaka 500 kuoza, lakini fangasi wanaweza kuiozesha haraka.' Hapa lililo sahihi ni lipi: fangasi, kuvu au uyoga?"

Hilo jibu lake ni fupi. Fangasi asili yake ni Kilatini, likatufikia kupitia Kiingereza, na wengi wakilisikia hufikiria muwasho wa vidole vya miguu. Kuvu ni ile inayoota juu ya mkate uliolala. Uyoga ni sehemu inayochomoza tu, ile ambayo Waganda huiita obutiko na kuitia mchuzini. Kuvu wengi wanaotajwa katika habari za plastiki hawachomozi uyoga wowote, kwa hiyo andika kuvu. Anayeshikilia fangasi sitagombana naye.

Nitagombana na yule aliyemfundisha mtoto nusu ya kwanza ya sentensi ile. Imejaa katika mabango, vitabu vya kiada na hotuba za siku ya usafi, na kila anayeitamka huitamka kama aliyeshuhudia. Miaka 500! Polithini, plastiki ya mifuko laini ambayo Uganda twaiita kaveera, ilipatikana kwa bahati katika maabara ya Uingereza mwaka 1933. Hata karne haijatimiza. Nani basi aliyekaa karne tano akiitazama ikiisha? Sarufi yenyewe inakataa. Kiambishi hu- ni cha jambo lililozoeleka: jua huchomoza, mvua hunyesha, ng'ombe huzaa. Huwezi kukibandika kwenye jambo ambalo halijatokea hata mara moja. Kama ni makadirio, sema "inakadiriwa", kisha utaje ni plastiki gani na imelala wapi, juani, majini au chini ya udongo.

Baya zaidi ni hilo kuoza. Kitu huoza kwa sababu kuna kiumbe anayekila. Maganda ya matooke, ndizi zetu za kupika, ukiyarundika nyuma ya jiko, bakteria na kuvu huyashambulia, yakalainika, yakatoa joto na harufu, mwishowe yakawa udongo. Kiswahili kina kuvunda, Kiganda kina okuvunda, na ndiko tulikopata uvundo. Sasa lima shamba lililotupiwa kaveera misimu kadhaa. Utaikuta imepauka, imechanika, imemeguka vipande vidogo kuliko ukucha, na bado ni kaveera. Jua limeikatakata, hakuna aliyeila. Kumeguka si kuoza! Ndiyo maana nakasirika nikiona mfuko umeandikwa "unaooza" kumbe umetiwa kemikali ya kuufanya upasuke upesi juani. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzuia plastiki za namna hiyo mwaka 2019. Kwetu neno hilo moja linamtuliza mtu akautupa mtaroni, "wacha, utaoza". Mtaro ukiziba, nyumba za watu hujaa maji.

Nusu ya pili ya sentensi ya mwanafunzi, ajabu, ina haki zaidi ya kulitumia neno. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walitangaza bakteria waliyempata mjini Sakai, karibu na kiwanda cha kurejeleza chupa. Walimwita Ideonella sakaiensis. Hutoa vimeng'enya viwili, yaani kemikali za kuvunjavunja chakula: cha kwanza huikata plastiki ya chupa, PET, cha pili hukatakata kilichobaki hadi malighafi zake za awali, naye huzitumia kama chakula. Utando mwembamba wa PET ulimalizwa kwa takriban wiki sita, katika nyuzijoto 30. Hapo plastiki imeoza, nami nalisema neno bila kusita.

Ila "haraka" haikubaliki. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walitumia kuvu wawili, Aspergillus terreus na Engyodontium album, dhidi ya polipropilini, plastiki nyingine ya vyombo na vifungashio. Ilibidi kwanza plastiki ipigwe miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, au ipashwe joto. Baada ya siku 30 ilipungua kwa asilimia 21, na baada ya siku 90 kwa asilimia 25 hadi 27. Ni kazi kubwa ya sayansi, lakini aliyeiita ya haraka hajaisoma. Wala aliyefaulu kwa PET hajafaulu kwa kaveera: mnyororo wa PET una viungo ambavyo vimeng'enya hupata pa kukatia, ilhali wa polithini ni kaboni iliyoshikana na kaboni mwanzo hadi mwisho.

Nawe usiogope kitenzi kumeng'enya. Kuvu haina mdomo. Humwaga vimeng'enya nje, kisha hunyonya kilicholainika. Kitenzi kula nitakivumilia katika vichwa vya habari tu.

Kwa hiyo, mwalimu, fangasi lipitishe. Chora mstari mwekundu chini ya "miaka 500" na chini ya "haraka", halafu mwambie aandike upya: "Baadhi ya kuvu na bakteria wameweza kumeng'enya aina fulani za plastiki katika maabara." Akiuliza ni aina zipi, mwongezee alama.