Kumzuia anayetaka kujiua: majibu kwa maswali yenu

Maisha ni yake. Kwa nini nisiheshimu uamuzi wake?

Uhuru wa mtu ni jambo zito, wala siupuuzi. Ila mara nyingi anayesema anataka kufa anachokitaka hasa ni maumivu yakome, na maumivu yenyewe ndiyo yanayomziba macho asione njia nyingine. Mwaka 1978 mtafiti Richard Seiden alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 515 waliozuiwa kujirusha kutoka daraja la Golden Gate, San Francisco, na akakuta kwamba takriban asilimia 94 kati yao ama walikuwa bado hai ama walikuwa wamefariki kwa sababu za kawaida. Kama uamuzi ule ungekuwa umekomaa, wengi wangeurudia. Kwa hiyo anayemshika mkono mwenzake saa ile hampokonyi uamuzi wake. Anampa muda wa kuamua akiwa ametulia.

Nikimuuliza waziwazi, sitampa wazo?

Hapana, tafiti hazionyeshi hivyo. Muulize kwa neno lenyewe: "Unafikiria kujiua?" Kisha nyamaza umsikilize. Rafiki yangu mmoja, nilipomuuliza hivyo, aliziangalia kucha zake kwa muda mrefu, akashusha pumzi, akasema, "Nilikuwa nangoja mtu aniulize." Hadi leo najilaumu kwamba nilichelewa.

Ameniapisha nisimwambie mtu. Nifanyeje?

Siri hiyo usiitunze, lakini usimzunguke. Mwambie ana kwa ana kwamba utamweleza mtu fulani, na kwa nini, na umwombe achague ni nani. Atakasirika, pengine kwa miezi. Ni afadhali hasira yake.

Ni wakati gani kuzuia kunageuka uonevu?

Nguvu ni halali pale tu hatari ilipo karibu, na isizidi kipimo wala muda unaohitajika. Kumsuta, kumfungia chumbani kwa siku nyingi, au kumpeleka mahakamani mtu anayehitaji tabibu, ni kumwongezea jeraha. Sheria zinazohesabu jaribio la kujiua kuwa jinai huwafanya wagonjwa wajifiche, nami naziona si za haki. (Ombi la mgonjwa asiye na tiba la kusaidiwa kufa, ambalo chini ya sheria ya Uholanzi tangu 2002 hupimwa na zaidi ya daktari mmoja na lazima liwe limefikiriwa vizuri, ni swali jingine.)

Na kama anayetaka kufa ni mimi?

Usikae peke yako usiku huu. Mpigie mtu mmoja unayemwamini, au huduma ya dharura, umwambie neno hilo hilo bila kulizungusha, na umwombe aje akae nawe hadi mfike kwa daktari.