Maswali na Majibu: Mbayuwayu Wachimbao Mchanga

Tangu tulipomtaja mbayuwayu anayetoboa kingo za mchanga ili atage, wasomaji wametuandikia kutoka pande nyingi. Ni ndege mdogo sana, gramu 13 hivi, mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, na ukanda wa kahawia kifuani. Hizi hapa barua tano na majibu yake.

SWALI: Mhariri, nafanya kazi kwenye machimbo ya mchanga hapa Uingereza. Kila mwaka msimamizi wetu huzungushia utepe ukuta mmoja wenye matundu, haturuhusiwi kuugusa hadi Septemba. Mchanga mzuri wote uko pale. Je, ni lazima? *Msomaji, Norfolk*

JIBU: Ni lazima, ndugu msomaji. Sheria ya wanyamapori ya Uingereza ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kwa makusudi kiota cha ndege wa porini kinapojengwa au kinapotumika. Kwa ndege huyu, tundu ndilo kiota chenyewe, hata kabla ya yai la kwanza.

Hesabu ya miezi ni hii. Wa kwanza hufika kuanzia katikati ya Machi. Dume hujishikiza ukutani kwa kucha, anadonoa kwa mdomo na kusukuma mchanga nje kwa miguu. Akishapata mwenzi, wanachimba pamoja. Kazi hiyo inaweza kuchukua wiki 2. Mlango una upana wa sentimita 5 hadi 7, na mara nyingi ni mpana kwenda pembeni kuliko kwenda juu. Njia yake hupanda kidogo kuelekea ndani, mvua isiingie, na kwa kawaida hufika sentimita 50 hadi 90. Mwisho wake kuna chumba kilichotandikwa nyasi na manyoya. Mayai ni 4 au 5, meupe, yanaatamiwa kwa zamu kwa siku 14 au 15, kisha makinda hukaa mle ndani wiki 3 hivi. Jumla ni kama miezi 2 kwa mzao mmoja, na jozi nyingi huzaa mara 2 kwa msimu. Ndiyo maana utepe hauondoki mapema.

Cha kufanya ni kuwatengenezea ukuta mwingine wakati wa baridi, wakiwa wako Afrika, katika sehemu msiyoihitaji mwaka huo. Ukateni ukaribie kuwa wima kabisa, nyuzi 75 hadi 90, kimo mita 2 au zaidi. Zoeni mchanga ulioporomoka chini, maana ukirundikana unakuwa ngazi ya mbweha na cheche. Ng'oeni majani yaliyoota usoni. Mchanga uwe wa kujishika: sukuma penseli ndani kwa kiganja, kisha itoe. Tundu likibaki wazi, unafaa. Likijifukia, dari za matundu nazo zitaanguka. Tabaka la kokoto nyingi hawaliwezi.

Kosa tunalolisikia sana ni la malundo. Mashine inachota lundo Ijumaa na kuliacha limesimama wima. Jumatatu mnakuta matundu, na lundo la kuuza limeshakuwa na wenyewe. Kila mwisho wa zamu, kuanzia Machi, lilazeni lundo liwe chini ya nyuzi 45. Hawatalitaka.

Kelele za mashine wanazizoea. Kinachowaua ni kukwangua ukuta chini ya matundu, magari mazito kupita juu karibu na ukingo, na watu kusimama mbele kwa muda mrefu. Ndege wanabaki kuzunguka hewani bila kuingia, na mayai yanapoa.

SWALI: Hapa kwetu kuanzia Oktoba wanajaa kwenye nyaya za umeme, na kandokando ya mto kuna matundu. Je, ndio hao hao? *Msomaji, Naivasha*

JIBU: Mtazame kifua. Mwenye ukanda wa kahawia kwenye kifua cheupe ni mgeni: anazaa Ulaya na Asia, anakuja kwetu kula, na hatagi hapa. Aliyechimba mtoni kwenu huenda ni ndugu yake mkazi, ambaye koo na kifua vyake ni vya kahawia iliyofifia bila ukanda. Yupo pia mkubwa zaidi mwenye ukanda na alama nyeupe mbele ya jicho. Huyo huchimba peke yake, hapendi kukaa kwa makundi. Matundu makubwa zaidi kwenye ukingo huohuo yanaweza kuwa ya keremkerem au mdiria. La mdiria hunuka samaki na lina michirizi ya kinyesi mlangoni.

SWALI: Wanafunzi wangu wameuliza swali lililonishinda. Kwa nini ndege wahangaike kuchimba upya ilhali matundu ya mwaka jana yapo? *Mwalimu, Morogoro*

JIBU: Mwalimu, wape hongera, maana hapo ndipo kiini cha maisha ya ndege huyu. Sababu kubwa ni viroboto. Wapo wa aina yake, *Ceratophyllus styx*, wanaoishi katika matundu haya. Makinda wakiondoka, viroboto hubaki ndani ya vifuko vyao kipindi chote cha baridi. Joto likirudi wanatoka na kujazana kwenye mdomo wa tundu, weusi kama punje za pilipili manga iliyosagwa, wakimngoja ndege wa kwanza atakayetua. Kupe nao wana aina yao humo. Zaidi ya hayo, matundu ya zamani hupanuka midomo na kudhoofika dari.

Kwa hiyo ukuta unaobomoka kidogo kila mwaka ndio unaowafaa. Mto ukifurika na kumega ukingo, unaondoka na viroboto na kuacha uso mpya. Ukingo uliojengewa mawe au zege unaonekana salama kwa macho ya mtu, lakini kwa mbayuwayu umekufa. Kwenye hifadhi za Uingereza hujengwa kuta bandia zenye mabomba yaliyojazwa mchanga mbichi, ndege wachimbe wenyewe. Kila baada ya msimu mchanga huo hutolewa na kuwekwa mpya. Ukiachwa, ukuta mzuri wa mwaka wa kwanza huwa unakimbiwa baadaye.

Waonyeshe na hili: tundu linalotumika lina alama mbichi za kucha kwenye kizingiti na mchanga mpya chini yake. La zamani lina utando wa buibui.

SWALI: Mwaka mmoja ni wengi, mwingine ni haba. Kuta zetu hazikubadilika. *Msomaji, Leeds*

JIBU: Tazama mvua ya Saheli, ukanda mkavu ulio kusini mwa jangwa la Sahara. Mbayuwayu wa Ulaya magharibi hukaa huko wakati wa baridi. Ukame ukiingia, wadudu wanakosekana na ndege hawarudi. Ukame wa 1968 uliangusha idadi yao Uingereza vibaya mno, na mwaka 1984 wakaanguka tena.

SWALI: Ukingo umeanguka karibu na nyumba yetu na makinda watatu wako chini, hai. Nawatia katika tundu lolote lililobaki? *Msomaji, Ontario*

JIBU: Piga simu kwanza kwa kituo cha kuhudumia wanyamapori kilicho karibu nawe, Kanada imemweka ndege huyu kwenye orodha ya walio hatarini, na kibali kinahitajika kumshika. Ukiwapigia, waeleze umri, kwa kuwa ndio unaoamua. Kinda asiye na manyoya bado hatambuliwi na wazazi kwa sauti: wanalisha yeyote wanayemkuta ndani ya tundu lao. Akifika wiki 2 na zaidi, kila kinda ana mlio wake, wazazi wanaujua, na mgeni hatalishwa. Wakati unangoja, waweke kwenye boksi lenye kitambaa, kivulini, mbali na paka. Usiwape maji mdomoni. Wala usiwapandishe mwenyewe: ukingo ulioanguka mara moja, kipande cha juu kimeshapata ufa.