Faili la .acsm si kitabu chenyewe

Umenunua kitabu cha kielektroniki ukapata faili dogo lisilofunguka? Hujatapeliwa. Hilo faili la .acsm ulilopakua baada ya kulipia ni kama tiketi tu, ndiyo maana lina kilobaiti chache na tableti inagoma kulifungua. Weka programu ya kusomea vitabu ya Adobe Digital Editions au PocketBook Reader, ingia kwa Adobe ID (akaunti yako ya Adobe), kisha lifungulie humo. Hapo ndipo kitabu chenyewe kinashuka, kikiwa faili la EPUB (aina ya faili la vitabu vya kielektroniki) au PDF. Tumia ID ileile kwenye vifaa vyote, ukichanganya mbili vitabu havifunguki. Programu ya Kindle hailisomi kabisa.

Siku nyingine, kabla ya kulipa, angalia kama kitabu kinauzwa bila DRM, yaani kufuli ya kidijitali inayozuia kukinakili au kukifungua popote. Na kama ni riwaya, epuka PDF: ukikuza herufi maneno hayajipangi upya, utasogeza ukurasa kushoto-kulia kila mstari.