Mvinyo mwekundu wa Mendoza kwa bei nafuu

Kwa kuwa umeuliza namna ya kupata mvinyo mwekundu wa Mendoza, mkoa wa Argentina, ulio mzuri bila kulipa fedha nyingi, ningekushauri usianze na Malbec, aina ya zabibu nyekundu ambayo jina lake peke yake hupandisha bei, bali uanze na Bonarda, aina nyingine ya zabibu nyekundu inayolimwa kwa wingi nchini humo na ambayo kwa miaka mingi ilionekana kufaa mvinyo wa kawaida wa kila siku tu. Haina ukakasi mwingi mdomoni, na kwa nyama choma inafaa sana.

Ukitaka Malbec hasa, soma lebo. Iliyoandikwa Mendoza pekee huenda imechanganya zabibu za tambarare za mashariki, ambako joto ni kali na mavuno ni mengi, ilhali iliyoandikwa Valle de Uco imetoka bonde ambalo mashamba yake mengi yako zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku huhifadhi uchachu wa tunda. Neno Reserva nalo lina masharti ya kisheria: mvinyo mwekundu sharti ukomazwe angalau miezi 12. Hata hivyo, kwa chupa za bei ya chini mimi hupendelea mvinyo usiopitia mapipa ya mbao wala vipande vya mbao kabisa, kwa maana ladha ya mwaloni humo mara nyingi hutokana na vipande vya mbao vilivyotumbukizwa katika tangi. Chupa nzito kupita kiasi iache, unalipia kioo.