Wawili wawili wanapatia, kwenye mechi frisbi inaanguka

Swali: Nafundisha michezo darasa la sita. Wanafunzi wakirushiana kisahani cha frisbi wawili wawili wanapatia, ila nikiwapanga saba kwa saba wote wanamkimbilia aliyenacho na pasi hazifiki. Nirudie mazoezi ya kurusha?

Jibu: Hapana, mwalimu. Mikono iko sawa. Hawajazoea kurusha huku mtu anawazuia na mwenzao anakimbia. Saba kwa saba ni mechi kamili ya frisbi, iitwayo ultimate, ya uwanja wa mita 100 kwa 37, na nusu ya darasa haigusi kisahani.

Chora mraba wa mita 15 kila upande, weka wanne dhidi ya wawili. Pasi tano mfululizo ni pointi. Kikianguka au kikinaswa, aliyerusha anakwenda kuzuia na mzuiaji mmoja anachukua nafasi yake. Aliyenacho hakimbii: mguu mmoja unabaki chini, mwingine unazunguka, kama netiboli. Wanaocheza netiboli wataishika sheria hii mara moja, basi mtawanye mmoja kila kundi. Mzuiaji mmoja tu ndiye amkabili, akihesabu kwa sauti hadi tano, na mrushaji awe amerusha kabla ya hapo. Kanuni rasmi ni kumi, lakini mraba huu ni mdogo.

Kisha ongeza sharti moja: hurudishi pasi kwa aliyekupa. Hili ndilo linalovunja msongamano, kwa sababu wale wengine wawili hawawezi tena kusimama. Usimtazame mrushaji, watazame hao. Utamwona mmoja amejificha nyuma ya mzuiaji, mikono juu, anaita "nipe, nipe!" Hapo hapewi. Mwambie atoke pembeni, hatua tatu za kasi, hadi aone kifua cha mrushaji. Na mrushaji akipeleke mbele ya mkimbiaji, usawa wa tumbo, kidakwe kwa viganja viwili, kimoja juu kimoja chini.

Kisahani kikiyumba hewani, kifundo cha mkono hakikufyatuka. Mzunguko ndio unaokituliza. Msahihishe huyo kando, wenzake waendelee.

Pasi tano zikiwa za kawaida, nenda tatu kwa tatu, mraba uleule. Usipulize filimbi kwa kila faulo. Hata kwenye mashindano ya dunia ya mchezo huu wachezaji ndio wanaoita faulo na kuelewana wenyewe, na watoto wa darasa la sita wanaliweza hilo mapema kuliko tunavyodhani.